Zabuni ya F.7/30: bado naitetea Gladiator

Nikikaa na wapenzi wenzangu wa ndege za zamani, kuna hoja moja ambayo nikiitoa lazima nichekwe: kwamba Gloster Gladiator, ndege ya kivita ya Uingereza, iliishinda kwa haki zabuni ya F.7/30. Wanaitazama picha yake, mabawa mawili yamekaa ghorofa, nyaya zimekazwa katikati, magurudumu yananing'inia nje, halafu wanakumbuka kwamba ndege hii iliingia kazini mwaka 1937, wakati Wajerumani tayari wana Messerschmitt Bf 109, ya bawa moja na magurudumu ya kukunjwa. Swali linalofuata ni lilelile siku zote: hao waamuzi wa Kiingereza walikuwa wanaangalia wapi?

Walikuwa wanaangalia kilichokuwepo uwanjani. Na ukizipanga ndege saba zilizojengwa kwa ajili ya zabuni ile, moja baada ya nyingine, ukasoma kila moja ilifanya nini na ilikwama wapi, utaona kwamba tatizo halikuwa macho ya waamuzi. Tatizo lilianza kwenye karatasi ya masharti.

Tuanze na aibu iliyoizaa karatasi hiyo. Mwaka 1930 Jeshi la Anga la Uingereza lilipokea ndege mpya nyepesi ya kudondosha mabomu, Hawker Hart, yenye mwendo wa kilomita 296 hivi kwa saa. Ndege ya kivita iliyotegemewa wakati huo kuwazuia maadui ilikuwa Bristol Bulldog, nayo ilikwenda karibu kilomita 280. Soma tena. Mbeba mabomu alikuwa na mbio kuliko askari aliyepaswa kumkamata. Kwenye mazoezi ya kijeshi marubani wa Bulldog walikuwa wanaziona Hart zikiwatoka hivihivi. Ilikuwepo Hawker Fury, iliyovuka kilomita 330, lakini Fury zilikuwa chache na ghali, na bunduki zake zilikuwa mbili tu.

Ndipo Wizara ya Anga ikaandika masharti yaliyopewa jina F.7/30, maana yake ndege ya kivita, andiko la saba la mwaka 1930. Viwandani yalifika rasmi Oktoba 1931. Wizara ilitaka mwendo wa kilomita 400 kwa saa, au maili 250 kwa hesabu yao. Ilitaka bunduki nne za rashasha badala ya mbili. Ipande haraka, ikate kona vizuri, rubani aone pande zote. Na ifanye kazi mchana na usiku.

Hilo la usiku ndilo lililowamaliza wahandisi. Rada haikuwepo. Rubani wa usiku alimtafuta adui kwa macho yake mwenyewe, kisha akarudi kutua kwenye uwanja wa nyasi uliowashiwa taa chache za mafuta. Ili asivunjike shingo ilibidi ndege iguse ardhi polepole, wizara ikataja kilomita 80 hivi kwa saa. Sasa, bawa la kutua polepole ni bawa kubwa, pana, linalobeba hewa nyingi. Bawa la kwenda kilomita 400 ni dogo na jembamba. Wizara ilitaka yote mawili kwenye ndege moja, tena kabla mabawa yenye vibao vya kushushwa wakati wa kutua hayajawa jambo la kawaida Uingereza. Bunduki nazo zilikuwa na masharti yake. Rashasha za Vickers za wakati ule zilikuwa zinakwama risasi mara kwa mara, kwa hiyo zilifungwa karibu na rubani ili aweze kunyoosha mkono na kuzikwamua huku anaruka. Mbili unaweza kuzibana ubavuni mwake. Nne ni msongamano.

Halafu ikaja injini. Wizara haikulazimisha injini yoyote, ila ilionyesha wazi inapenda ipi: Rolls-Royce Goshawk, yenye nguvu farasi zaidi ya 600, inayopozwa kwa mvuke. Ukisikia mambo ya mvuke usifikirie treni. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na nalieleza kwa urefu kwa sababu bila hilo huwezi kuielewa zabuni hii.

Injini ya kawaida ya maji huzungusha maji yasiyochemka. Yanapita kwenye injini, yanabeba joto, yanakwenda kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Kilo moja ya maji ukiitoa nyuzi 70 ukaifikisha 100, imebeba joto la kilojuli 126 hivi. Lakini kilo hiyohiyo ukiiacha ichemke mpaka igeuke mvuke yote, inabeba kilojuli 2,257 nyingine. Ni mara kumi na nane. Kwa hiyo, walisema wahandisi, tuyaache maji yachemke ndani ya injini, mvuke tuupeleke kwenye mabawa, ukutane na bati lililopigwa na upepo baridi, ugeuke maji, turudishe maji kwenye injini kwa pampu. Unabeba maji kidogo na huna rejeta kubwa inayoning'inia tumboni ikikamata upepo. Kwenye ubao wa kuchorea ni ushindi mtupu.

Kasoro ilikuwa kwenye pampu. Maji yanayotoka kugeuka kutoka mvuke bado ni ya moto sana, yapo ukingoni mwa kuchemka. Ndege ikipanda, shinikizo la hewa linashuka, na maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi. Kimo cha mita 4,570, ambacho Waingereza walipenda kukitumia kupimia ndege zao, kinakaribia cha kambi ya mwisho ya njia ya Marangu kule Kilimanjaro, na mpishi yeyote wa wapanda mlima atakwambia pale maji yanatokota haraka lakini maharage hayaivi. Kwenye kimo hicho yanachemka karibu na nyuzi 85. Sasa fikiria maji yamefika kwenye pampu, pampu inayavuta, shinikizo linashuka zaidi kidogo, basi, yanachemka humohumo ndani ya pampu. Pampu ya maji haijui kusukuma mvuke. Inazunguka bure. Injini inakauka, joto linapanda. Kumbuka pia kwamba hii ni ndege ya vita, na mfumo wake wa kupoza umetandazwa kwenye mabawa. Tundu moja la risasi na mvuke wote umeondoka.

Nne kati ya ndege saba zilizoingia zilimezwa na injini hii kwa namna moja au nyingine, na ya tano iliitumia ikiwa na matatizo mengine makubwa zaidi. Wizara ililipia tatu kwa fedha zake: Supermarine, Westland na Blackburn. Namba zao za usajili zinafuatana, K2890, K2891, K2892. Nyingine zote viwanda vilijigharamia. Hakuna hata moja kati ya zile tatu za serikali iliyoshinda, na wenzetu waliozoea kusoma habari za zabuni za umma hawatashangaa.

Supermarine Type 224 ndiyo iliyobeba matumaini makubwa, na ni rahisi kuona kwa nini. Mbunifu wake alikuwa R. J. Mitchell. Septemba 1931 ndege yake ya mashindano, S.6B, ilikuwa imelitwaa moja kwa moja Kombe la Schneider, kisha ikavunja rekodi ya dunia kwa kilomita 655 kwa saa. Mtu aliyefikisha ndege kilomita 655 anaombwa alete ya kilomita 400. Nani angeweka dau dhidi yake?

Type 224 ilikuwa ya bawa moja, wakati wengi bado walikuwa kwenye ghorofa. Bawa lake linashuka kidogo kutoka kwenye kiwiliwili kisha linapinda kwenda juu, na pale kwenye kona ya chini kabisa ndipo magurudumu yanapotokea, yamevishwa mifuniko minene kama suruali pana. Mabati ya kugeuza mvuke kuwa maji yalikuwa kwenye ukingo wa mbele wa bawa, na maji yalikusanyika chini, ndani ya zile suruali za magurudumu, kabla ya kusukumwa kurudi kwenye injini. Ukisimama pembeni ya picha yake unaweza kuifuata safari nzima ya maji kwa kidole: injini, ukingo wa bawa, kona, mguuni, kisha juu tena. Huko kurudi juu ndiko mambo yalikoharibika.

Iliruka mara ya kwanza tarehe 19 Februari 1934. Rubani akipanda kwa nguvu, baada ya muda taa nyekundu inawaka kumwambia mfumo umezidiwa, naye analazimika kuacha kupanda, alale sawa angani, asubiri ipoe, ndipo aendelee. Sasa mwambie adui naye asubiri. Mwendo wake wa juu uliishia kilomita 367, na kufika mita 4,570 ilimchukua dakika tisa na nusu. Bawa lilikuwa nene na refu kupita kiasi, karibu mita 14 kutoka ncha hadi ncha. Mitchell alijenga ndege kama mtu anayeogopa bawa lisije likakatika, na hofu hiyo si ya kipuuzi ukijua ndege zake za mashindano zilikuwa zimepitia nini. Na tusisahau, Agosti 1933 alikuwa amefanyiwa upasuaji mkubwa wa saratani. Type 224 ilikamilika huku mbunifu wake akijifunza upya kuishi na mwili wake.

Jina la Spitfire lilipewa ndege hii kwanza. Ile tunayoijua wote, ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuja baadaye, ikarithi.

Westland ndiyo ninayoipenda kuliko ilivyostahili. Walisoma sharti la rubani kuona pande zote wakalichukua kwa uzito kuliko kampuni nyingine yoyote. Wakamtoa rubani nyuma ya injini na kumweka mbele kabisa, mbele ya mabawa yote mawili, na injini wakaihamishia katikati ya kiwiliwili, mgongoni kwake. Sasa pangaboi liko puani na injini iko nyuma ya rubani, unaviunganishaje? Kwa mhimili mrefu wa chuma unaopita chini ya kiti chake. Bawa la juu wakalipinda liingie ubavuni mwa kiwiliwili, nyuma ya kichwa chake, lisimzibe. Rubani wa majaribio Harald Penrose aliirusha Machi 1934, na hakuna ndege nyingine kwenye kundi ambayo rubani aliona vizuri kama alivyoona yeye.

Ilikwenda kilomita 298 kwa saa. Hart, yule mbeba mabomu aliyeanzisha aibu yote hii, alikuwa sawa naye. Unaweza kumpa rubani dirisha zuri kuliko yote duniani, lakini atakachokiona ni mkia wa adui ukipungua. Hata hivyo mpango wa injini nyuma na mhimili chini ya kiti haukuwa wa kichaa. Wamarekani waliutumia baadaye kwenye Bell P-39, iliyojengwa kwa maelfu.

Ya Blackburn sitaikawiza. Waliinua kiwiliwili mpaka kikagusana na bawa la juu, nafasi iliyobaki kati yake na bawa la chini wakaijaza kifaa cha kupozea mvuke. Matokeo yake uzito wote ukawa juu, na magurudumu yapo karibukaribu chini. Mwaka 1934 waliijaribu kukimbia ardhini, ikayumba, ikaonyesha dalili za kuumia kwenye mifupa yake, wakaiacha. Haikuruka hata siku moja. Serikali ililipa.

Hawker waliingia na P.V.3, ambayo kwa ufupi ni Fury iliyonenepeshwa ili ibebe bunduki nne na Goshawk. Ilifika kilomita 360 na ushee. Ilikuwa nzuri kuiangalia, kama kila kitu cha Sydney Camm, mbunifu wao, lakini nikiisoma historia yake nahisi Camm mwenyewe alishachoka nayo kabla haijaruka Juni 1934. Kichwani alikuwa na Fury ya bawa moja, na huko ndiko alikokwenda. Bristol nao walileta Type 123, ya mabawa mawili na Goshawk, iliyoruka mwezi huohuo. Ncha za mabawa yake zilikuwa laini mno, ndege ikawa haitulii ubavuni, wakaifungia. Ilikuwa ndege ya mwisho ya mabawa mawili kwa kampuni ile.

Bristol walikuwa na nyingine. Nitairudia.

Gloster wao hawakuwa hata wameingia vizuri kwenye mbio. Mbunifu wao, Henry Folland, alikuwa anashughulika na Gauntlet, ndege ya mabawa mawili iliyokuwa inafanya karibu kilomita 370 kwa saa kwa injini ya kupozwa na hewa. Wakati wenzake wanapigana na pampu za mvuke, Folland alikaa akajiuliza Gauntlet yake inapotezea wapi mwendo. Ilikuwa na nguzo nyingi kati ya bawa la juu na la chini, seti mbili kila upande. Akaondoa seti moja. Miguu ya magurudumu ilikuwa na vyuma vya kushikiliana. Akaweka mguu mmoja mnyoofu kila upande, na gurudumu ambalo springi yake imo ndani ya gurudumu lenyewe, kazi ya kampuni ya Dowty. Kila alichokifanya ni kutoa kitu upeponi. Bunduki mbili akaziacha ubavuni mwa rubani, mbili akazitundika chini ya bawa la chini.

Injini ilikuwa Bristol Mercury, silinda tisa zimepangwa duara, hewa inapita katikati yake na kuzipoza. Haina tone la maji, kwa hiyo hakuna cha kuchemka wala pampu ya kukwama.

Ndege hiyo, SS.37, iliruka Septemba 1934, miezi saba nyuma ya Mitchell. Ilipowekewa Mercury yenye nguvu zaidi ilifika kilomita 389. Haikufikisha 400 zilizoombwa, lakini kati ya zote zilizobaki na uwezo wa kuruka na kutua salama, ilikuwa mbele. Julai 1935 wizara iliagiza 23 za kuanzia na kuipa jina Gladiator. Za kiwandani zilifunikwa chumba cha rubani kwa kioo, injini ikaongezwa nguvu, na zikafika kilomita 407. Kwa hiyo sharti la maili 250 lilitimizwa, miaka mitano na zaidi baada ya kuandikwa, na ndege ya mtindo uleule ambao kila mtu alidhani unazikwa.

Hapa ndipo wenzangu wananikatiza. Wananitajia Polikarpov I-16. Hoja yao ni nzito, siikwepi. Warusi waliirusha I-16 mwisho wa Desemba 1933, wiki chache kabla Type 224 haijaruka. Bawa moja fupi, magurudumu yanakunjwa, injini ya duara inayopozwa na hewa. Baadaye ilivuka kilomita 450 bila taabu. Kama Moscow waliweza, London walishindwa nini?

Jibu langu ni kwamba Moscow hawakuandika F.7/30. I-16 ilitua kwa kasi na ilikuwa na tabia za kuua rubani asiye makini. Hakuna mtu pale aliyedai iguse ardhi kwa kilomita 80 usiku wa manane kwenye nyasi. Ukibadilisha swali, unapata ndege nyingine. Waamuzi wa Uingereza mwaka 1935 hawakuwa na I-16 mezani. Walikuwa na Supermarine inayowasha taa nyekundu ikipanda, Westland ya polepole, Blackburn isiyoruka, Hawker iliyofungwa kwenye injini inayokufa, na Gloster inayofanya kazi.

Halafu tazama tarehe. Julai 1935 walipoweka sahihi, Hawker Hurricane, ile ya bawa moja ya Camm, ilikuwa haijaruka, iliruka Novemba 6 mwaka ule. Spitfire iliruka Machi 5, 1936, kutoka uwanja wa Eastleigh karibu na Southampton. (Nairobi nako kuna Eastleigh, na wakati wa vita ilikuwa na uwanja wake wa Jeshi la Anga la Uingereza, ambao leo ni kambi ya Moi.) Oda kubwa za ndege hizo mbili, Hurricane 600 na Spitfire 310, zilitoka Juni 1936. Kwa mwaka mzima kati ya hapo, mtu anayewajibika kuilinda anga ya nchi hakuweza kununua michoro. Ilimbidi anunue kitu chenye injini inayowaka.

Na F.7/30 haikuwa hasara hata kwa walioshindwa. Mitchell alianza kuichambua Type 224 kabla haijazeeka. Akapunguza bawa, akakunja magurudumu, akafunika chumba cha rubani, na ilipopatikana injini mpya ya Rolls-Royce, ile iliyokuja kuitwa Merlin, kazi ikawa nyingine kabisa. Desemba 1934 wizara ilimpa mkataba wa pauni 10,000 kwa ndege ya majaribio, na safari hii masharti yaliandikwa kuifuata ndege yake. Naona hilo ndilo badiliko kubwa kuliko bawa lolote. Hesabu za bunduki nazo zilihama. Ralph Sorley wa wizara alionyesha kwamba kwa mwendo mpya rubani atakuwa na adui mbele yake kwa sekunde mbili hivi, na kwa sekunde mbili bunduki nne hazitoshi, zinatakiwa nane. Nane haziwezi kukaa ubavuni mwa mtu. Zilihamia mabawani, zikiwa za Browning, ambazo hazikuhitaji mkono wa rubani kuzikwamua.

Gladiator, basi, ilinunuliwa kama ya kuvukia, ikaishia kupigana kila mahali. Uchina mwanzoni mwa 1938, Ufini, Norwei asubuhi ya Aprili 9, 1940, Ugiriki, Malta. Ile hadithi ya Malta ya ndege tatu tu zilizolinda kisiwa kizima imetiwa chumvi, zilikuwa zaidi ya tatu, lakini chumvi haikutiwa kwenye chakula kisichokuwepo. Huku kwetu marubani wa Afrika Kusini walikuja kuwakabili Waitaliano wa Ethiopia na Somalia wakiwa na Fury zilizokwisha kuzeeka, pamoja na Gladiator na Hurricane. Waitaliano nao walikuwa na Fiat CR.42, ya mabawa mawili vilevile, na hiyo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1938. Wanaoicheka Gladiator kwa kuchelewa hawaikumbuki hiyo.

Kuna kisa kinachoiunganisha na Dar es Salaam. Kijana mmoja wa Uingereza, Roald Dahl, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya mafuta pale mjini aliendesha gari hadi Nairobi mwaka 1939 kujiandikisha urubani, akafundishwa angani juu ya Nairobi, kisha Iraki. Miaka mingi baadaye alijulikana dunia nzima kwa hadithi za watoto. Septemba 1940 alipewa Gladiator aipeleke kwenye kikosi chake katika jangwa la magharibi mwa Misri. Uwanja hakuuona, mafuta yakawa yanaisha, giza linaingia. Akaamua kuishusha mchangani, ikagonga jiwe. Fuvu lilipasuka, macho yakafumba kwa wiki kadhaa, lakini alipona. Ndege iliyoandikiwa masharti ya kutua polepole gizani! Siwezi kusema masharti ndiyo yaliyomwokoa, ila sitaki kufikiria angegonga jiwe lile akiwa kwenye ndege ya kutua kwa kasi mara moja na nusu.

Sasa Bristol Type 133, niliyoiahidi. Wanaonicheka huwa wameificha hii mfukoni mpaka mwisho. Frank Barnwell, mbunifu wa Bristol, aliibuni ikiwa ya bawa moja, ngozi ya bati la alumini inayobeba uzito yenyewe, magurudumu ya kukunjwa, bunduki nne, na Mercury ileile ya Folland. Iliruka Juni 8, 1934, miezi mitatu kabla ya SS.37, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 418 kwa saa. Yaani ilivuka sharti ambalo mshindi hakulifikia siku ya kushinda. Ukiitazama huoni mwaka 1934.

Machi 1935, ilipokaribia kukabidhiwa kwa majaribio rasmi, rubani aliipeleka juu kujaribu kuiangusha kwa kuzunguka na kuirudisha, jaribio la lazima kwa kila ndege ya kivita. Magurudumu alikuwa ameyashusha. Ndege ikaanza kuzunguka ikiwa imelala bapa, injini ikazima, usukani haukushika kitu. Rubani akaruka kwa mwavuli. Type 133 ilikuwa moja tu, na ilibaki mabati shambani.

Wenzangu wanasema ni bahati mbaya, na bila siku ile historia ingekuwa nyingine. Mimi siamini. Ajali ilifichua kitu ambacho kingefichuka tu, kama si kwa rubani wa majaribio basi kwa kijana wa miaka ishirini kikosini. Mkia ungehitaji kubuniwa upya, ndege ya pili kujengwa, majaribio kurudiwa, na kwa kasi ya viwanda vya wakati ule mwaka ungekatika. Hapo tayari ni 1936, na Hurricane inaruka. Bristol wenyewe walithibitisha: walirudi na Type 146, bawa moja, bunduki nane, injini ya Mercury, iliyoruka mwaka 1938. Kabla yake, Desemba 1937, kikosi cha 111 kilikuwa kimeshapokea Hurricane zake za kwanza. Type 146 haikupata oda hata moja.